Gari limelala, betri iko macho

Watu wengi huamini kwamba gari likishaegeshwa, injini ikazimwa na ufunguo ukatiwa mfukoni, basi limepumzika. Lugha yetu yenyewe huitia nguvu imani hiyo, kwani twasema gari "limelala" mahali fulani, na utingo atakwambia bila kusita kwamba basi lao hulala Machakos. Lakini fundi yeyote anajua kwamba gari la siku hizi halilali usingizi wa pono. Saa yake inaendelea kuhesabu, king'ora chake kinasikiliza, kufuli zake zinangoja ishara ya rimoti, na kompyuta zake ndogondogo zinakumbuka zilichoambiwa jana. Vyote hivyo vinakula, na chakula chao hutoka mahali pamoja tu, nako ni kwenye betri.

Katika makala haya nakusudia kueleza namna betri ya gari lililoegeshwa inavyoweza kuchungwa na mtu aliye mbali nalo. Mfano wangu mkuu ni aina ya gari ambayo hapa kwetu ni nadra, ila huko Ulaya na Marekani imeenea mno. Ni gari lenye kitanda, jiko la gesi, friji, pampu ya maji na choo, ambalo wenyewe husafiria wakati wa likizo na kulala humo humo. Wajerumani huliita Wohnmobil, yaani chombo cha kukaa kinachotembea, nao Wafaransa huliita gari la kambi. Mimi nitaliita garinyumba, wala si nyumbagari. Katika Kiswahili neno kuu hutangulia na kinachofafanua hufuata, na kitu hiki ni gari kwanza, nyumba baadaye. Msomaji asidhani kwamba huu ni ubishi wa watu wa isimu tu. Ugari wa garinyumba ndio unaosahauliwa, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Garinyumba lina betri za aina mbili. Ya kwanza ni betri ya gari lenyewe, ambayo kazi yake ni kuzungusha starta na kuiwasha injini. Ya pili ni betri ya makazi, inayowasha taa, friji na pampu wakati gari limesimama. Waingereza huiita hii ya pili betri ya mapumziko, nao Wamarekani huiita betri ya nyumba. Tazama basi jinsi majina yanavyoelekeza macho. Betri ya mapumziko inahusishwa na starehe, na mwenye gari huitazama kila jioni apate kujua kama taa zitamfikisha asubuhi. Ile ya gari haina jina la kuvutia, haionekani, na hakuna aikumbukaye mpaka siku ya safari.

Nilipokuwa kusini mwa Ujerumani kwa utafiti, mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alikuwa na garinyumba uani mwake. Huko kuna namba za usajili za msimu. Mtu husajili gari kwa miezi anayoitaka tu, kwa mfano kuanzia Aprili hadi Oktoba, na nje ya miezi hiyo haruhusiwi kulitoa barabarani wala kuliegesha kando ya njia ya umma. Mzee yule alikuwa ameliunganisha gari lake na umeme wa nyumbani kwa waya mrefu, na kila asubuhi alinionyesha kwenye simu yake kipimo cha betri: asilimia 100, baridi iwe kali namna gani. Mwezi wa Aprili ulipowadia alipanda, akazungusha ufunguo, na kilichosikika ni mlio mdogo wa "tik" na kimya. Simu ilikuwa ikisema kweli, lakini kuhusu betri ya nyumba. Chaja ya gari lile ilipeleka umeme kwenye betri hiyo pekee, na ile ya injini ilikuwa imekonda miezi mitano bila mtu kujua.

Hesabu ya kukonda huko si ngumu, na mwalimu wa hisabati anaweza kuifanya na wanafunzi wake ubaoni. Tuseme vile vitu visivyolala vinakula miliampea 50 kwa jumla, yaani sehemu moja ya ishirini ya ampea, kiasi ambacho ni cha kawaida. Kwa saa 24 vitakuwa vimekula ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 70 itapoteza nusu ya akiba yake kwa siku 29 hivi, na katika siku ya 58 itabaki tupu. Kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Machi ni siku 151, muda ambao ungehitaji ampea-saa 181, yaani zaidi ya betri mbili na nusu za namna ile. Bado hatujahesabu kwamba betri ya risasi hujipunguza yenyewe hata isipounganishwa na kitu chochote, na kwamba joto huzidisha upungufu huo.

Betri ya risasi ni kitu cha zamani. Mfaransa Gaston Planté aliiunda mwaka wa 1859, na mwenzake Camille Faure akaiboresha mwaka wa 1881. Hata hivyo, gari lilianza kuitegemea hasa mwaka wa 1912, kampuni ya Cadillac ilipouza magari yenye starta ya umeme badala ya mtaimbo wa kuzungushwa kwa mkono. Ndani yake mna seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, iliyo nusu huonyesha takriban 12.2, na iliyokwisha huonyesha chini ya 11.9. Ikiachwa katika hali hiyo ya mwisho kwa majuma mengi, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba na kuwa ngumu, na chaja haiwezi kuiondoa tena. Katika nchi za baridi kuna hatari nyingine. Maji ya betri iliyojaa hayagandi katika baridi ya kawaida, lakini ya betri iliyokwisha yamekaribia kuwa maji matupu, na yanaweza kuganda nyuzi 10 hivi chini ya sifuri na kulipasua kasha.

Sasa, mtu aliye mbali atayajuaje haya? Kuna njia kadhaa. Rahisi kuliko zote ni kipimo kidogo kinachofungwa kwenye vichwa vya betri na kuongea na simu kwa Bluetooth. Kipimo hicho hakina gharama ya kila mwezi, ila sauti yake haifiki mbali, kwani ukivuka ua tu imekwisha. Kinamfaa mwenye gari uani, si yule aliyeliacha kwenye maegesho ya mji mwingine. Njia ya pili ni kifaa chenye laini yake ya simu, kinachoamka mara moja kwa saa au kwa siku, kikapima, kikatuma ujumbe, kisha kikalala tena. Ya tatu ni ule mtambo kamili unaopendwa na wapenzi wa magarinyumba, ambapo kipande cha shaba chenye ukinzani mdogo hufungwa kwenye waya hasi wa betri ya nyumba. Mkondo wote unaoingia na kutoka hupita hapo na kuhesabiwa, na matokeo hupelekwa kwenye intaneti kupitia ruta iliyomo garini. Kampuni ya Victron ya Uholanzi ni miongoni mwa zile zinazojulikana sana kwa vifaa vya namna hii.

Jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui ni kwamba baadhi ya vipimo hivyo vina tundu la pili, dogo, la kupokea waya mmoja mwembamba kutoka kwenye kichwa chanya cha betri ya injini. Waya huo hauhesabu mkondo. Hutoa volti tu. Lakini volti hizo zingalitosha kumwambia mwenyeji wangu, mapema mwezi wa Desemba, kwamba betri ya injini ilikuwa ikididimia. Alinunua kifaa cha bei, akaacha tundu hilo wazi, kwa kuwa kijitabu cha maelezo kililitaja katika ukurasa wa mwisho mwisho kana kwamba ni pambo.

Hata hivyo, kupata namba ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kuisoma. Hapa mwanaisimu ana haki ya kuchangia. Neno "paa" likisimama peke yake halimwambii mtu kama ni mnyama wa mwituni, sehemu ya nyumba, au kitendo cha ndege kuondoka ardhini. Volti nazo ndivyo zilivyo. Namba 12.4 iliyosomwa asubuhi baada ya gari kusimama siku tatu ina maana moja, na 12.4 iliyosomwa injini ikinguruma ina maana nyingine kabisa, kwani injini ikinguruma tunatarajia volti 13.8 hadi 14.4, na pungufu ya hapo yaonyesha kwamba oltaneta haifanyi kazi yake. Tena betri iliyotoka kuchajiwa sasa hivi hujifanya imeshiba kuliko ilivyo. Huonyesha volti 13 hivi, kisha baada ya saa kadhaa hushuka kwenye kiwango chake cha kweli. Anayetazama simu dakika kumi baada ya kuegesha hudanganyika. Kifaa chema hueleza namba pamoja na muktadha wake: saa ngapi tangu injini kuzimwa, na joto ni nyuzi ngapi.

Nikiruhusiwa niongeze kwamba Kiswahili cha gereji kinatofautisha mambo ambayo kioo cha kifaa hakiyatofautishi. Fundi akikwambia betri "imeisha moto," maana yake ijaze na itarudi. Akikwambia "imechoka," hujaa haraka na kwisha haraka, na umri wake unaelekea ukingoni. Akisema "imekufa," usipoteze umeme wako. Hali hizo tatu zinaweza kutambuliwa kwa mbali na mtu anayefuatilia mwendo wa namba badala ya namba moja. Ya kwanza hushuka polepole, na ikichajiwa hukaa juu kwa majuma. Ya pili hushuka upesi hata pasipo kitu kinachokula. Ya tatu mara nyingi hukwama kwenye 10.5 au karibu na hapo, kwa sababu seli moja kati ya sita imeharibika na tano zilizosalia hazina uwezo wa kutoa zaidi. Nimesikia wasomi wakilalamika kwamba lugha yetu haina msamiati wa sayansi. Laiti wangefika gereji wakasikiliza kabla ya kulalamika.

Nirejee kwenye garinyumba. Tatizo moja ambalo wauzaji hawapendi kulitaja ni kwamba mlinzi naye hula. Ruta inayotumia wati 3 kwenye betri ya volti 12 huvuta robo ampea, na kwa siku nzima ni ampea-saa 6, mara tano ya vile vitu vyote visivyolala tulivyovihesabu hapo juu. Betri ya nyumba ya ampea-saa 100, ambayo kwa usalama wake haifai kutumiwa zaidi ya nusu, itailisha ruta hiyo siku nane tu kama hakuna jua wala umeme wa ukutani. Mtu anayeliacha gari miezi minne katika banda lenye giza, kisha akaweka ruta ya kumwarifu hali ya betri, amejiwekea mwizi wa kulinda ghala. Katika hali hiyo afadhali kile kifaa kidogo kinachoamka mara moja kwa siku. Na kama hakuna sharti la bima la kuacha king'ora kikifanya kazi, afadhali zaidi kuufungua waya hasi wa betri kabisa.

Tatizo la pili ni la kimya. Vifaa vingi hupangwa kutuma ujumbe mambo yanapoharibika tu, na mwenye gari asipopata ujumbe hujiambia kwamba mambo ni shwari. Katika isimu tuna dhana ya mofimu kapa, yaani mahali ambapo kutokuwepo kwa kitu kuna maana. Lakini kapa huwa na maana kwa sababu inalinganishwa na kilichopo. Tunajua "gari" ni moja kwa kuwa tunajua "magari" yapo. Kimya cha kifaa ambacho hakijawahi kusema neno hakina maana yoyote. Huenda betri ni nzima, huenda imekufa pamoja na kifaa chenyewe, huenda laini ya simu imekwisha salio. Nchini Ujerumani kampuni za simu zilizima mitambo ya kizazi cha tatu mwaka wa 2021, na Marekani zile kubwa zilimaliza kuizima mwaka wa 2022. Vifaa vilivyotegemea mitambo hiyo pekee vilinyamaza katika magari yaliyokuwa salama na katika yaliyokuwa yakizimika, bila kubagua. Dawa ni kukiagiza kifaa kitume salamu kila siku hata kama hakuna habari. Salamu ikikosekana siku mbili, mtu anajua kuna jambo.

Msomaji aliye Kitui au Kakamega huenda anajiuliza haya yanamhusu nini, maadamu hana garinyumba wala hatazamii kuwa nalo. Namwomba aende akalitazame basi la shule. Hakuna gari nchini Kenya linaloegeshwa kwa muda mrefu na kwa kalenda inayojulikana kama basi hilo la manjano. Hulala likizo ya Aprili, ya Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, madarasa matatu yalirejea Oktoba mwaka huo, na wengine wote Januari 2021. Basi ambalo halikuwashwa siku zote hizo, zaidi ya 290, lilihitaji ampea-saa 350 kwa kiwango kile kile cha miliampea 50. Na kifaa cha kufuatilia gari, ambacho mabasi mengi yanacho, hula zaidi katika hali hiyo hiyo ya kusimama.

Tena hili si suala la safari za tamasha la michezo ya kuigiza pekee. Katika shule nyingi za bweni, basi ndilo gari la wagonjwa. Mwanafunzi akishikwa na pumu au tumbo usiku wa manane, kilomita 20 kutoka hospitali, hakuna anayesubiri fundi aje na betri ya kuazima.

Mabasi mengi ya shule yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa moja baada ya nyingine zikawa volti 24. Hapo pana mtego ambao kila mwalimu aliyewahi kusahihisha mitihani ataufahamu. Wastani wa darasa waweza kuwa 50 ilhali nusu ya wanafunzi wamepata 80 na nusu wamepata 20. Kifaa kikipima jumla ya betri mbili kikaona 24.4, kitasema hali ni ya wastani. Lakini jumla hiyo inaweza kuwa 12.7 na 11.7, betri moja nzima na nyingine imekwisha, na ile iliyokwisha ndiyo itakayoamua kama starta itazunguka. Jambo hili hutokea hasa pale fundi alipochomoa volti 12 kutoka betri moja ili kuwasha redio au vipaza sauti. Betri hiyo huliwa mara mbili, ilhali mwenzake huliwa mara moja.

Habari njema ni kwamba shule haina haja ya kununua mtambo wa Kiholanzi. Vifaa vingi vya kufuatilia magari hupima volti za gari wakati vinapotuma mahali lilipo, ingawa kampuni inayotoa huduma huonyesha ramani peke yake. Shule inayolipia ramani pengine tayari inalipia na kipimo hicho, na mkuu wa shule ana haki ya kukidai. Wala teknolojia yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo ya sola yenye laini ya simu ndani yake, kifaa kilicho sebuleni mwa mwanakijiji kikawasiliana na kompyuta za kampuni kupitia mtandao wa simu. Ikiwa betri ndogo ya taa tatu yaweza kutoa taarifa zake, seuze ile inayobeba watoto 50.

Shule isiyo na kifaa chochote bado inaweza kumpa dereva kipimavolti cha mkono, na daftari. Apime kila betri peke yake, asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, mara moja kwa juma. Klabu ya sayansi inaweza kuichora grafu yake ukutani, mstari mmoja kwa kila betri, na mistari hiyo ikianza kuachana, sababu itafutwe kabla ya shule kufungwa. Zile zenye kifaa zimwombe fundi aongeze waya mmoja kutoka pale betri mbili zinapounganishwa, wenye fyuzi iliyo karibu na betri, wala si karibu na kifaa, ili waya ukichunika njiani usiwashe moto. Ujumbe wa kila siku usizidi mstari mmoja: betri ya kwanza 12.6, betri ya pili 12.1, injini imezimwa saa 14 zilizopita, joto nyuzi 22. Dereva akiusoma saa mbili usiku, anajua kama alfajiri atahitaji chaja au la.